Hekta Chache, Nguzo Nyingi

Huko Mutwanga, chini ya Ruwenzori, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kituo cha kwanza cha umeme wa maji kilianza kazi 2013 kikiwa na takriban megawati 0.4, kisha cha pili kikaongeza kama 1.4. Maji hutolewa mtoni, hupita mferejini na kwenye bomba, huzungusha mtambo na kurudi mtoni. Hakuna kijiji kinachozama. Ndiyo maana mazungumzo ya kupanua umeme hadi Oicha, makao makuu ya teritwari ya Beni, hukimbilia megawati na bei. Mtambo si tatizo. Tatizo ni jinsi ardhi inavyoidhinishwa.

Sheria ya ardhi ya 1973 ilifanya udongo wote kuwa mali ya Serikali, ikagawa mamlaka ya kutia saini kwa ukubwa wa eneo. Ardhi ya vijijini isiyozidi hekta 200 ni ya gavana, naye anaweza kumkasimu konservateri wa hati za ardhi zile zisizozidi 10; zaidi ya hapo ni waziri, rais, hata Bunge. Kituo cha mtoni hula hekta chache, basi faili lake laweza kuishia kwenye meza ya chini kabisa. Laini ya umeme ina hesabu nyingine. Huyu anachimbiwa nguzo mbili shambani, yule moja, na chini ya nyaya michikichi na mikaratusi hukatwa. Mikakao huachwa, ila imepoteza miti iliyoipa kivuli. Ukiunganisha vipande hivyo unapata eneo kubwa kuliko kituo chenyewe, lakini hakuna faili linaloviunganisha.

Kuna kinga moja: kabla ya kutoa ardhi ya kijijini, sheria inadai uchunguzi wa kujua nani ana haki juu yake. Afisa huenda, hupima mipaka, huwauliza waliopo. Waliopo! Kati ya Oicha, Mbau na Eringeti watu wengi wamekimbia mauaji ya waasi wa ADF, na shamba lisilopaliliwa hugeuka pori upesi. Afisa mwaminifu kabisa ataandika kwamba hakukuta mtu. Ibara ya 34 ya Katiba ya 2006 inalinda hata mali iliyopatikana kwa mila, na inataka fidia itangulie. Lakini amri ya rais iliyoahidiwa 1973 kufafanua haki za wenyeji ilingojewa miongo mingi bila kutoka. Mkimbizi wa ndani hana karatasi, na sasa hayupo hata kujisemea.

Wapo watakaosema vita havingoji taratibu. Ila tangu 6 Mei 2021 jimbo la Kivu Kaskazini liko chini ya hali ya kuzingirwa, yaani utawala wa kijeshi, gavana ni mwanajeshi, na saini yake haihitaji mjadala mrefu. Kinachokosekana si kasi. Wengine watasema chifu anamjua kila mwenye shamba. Kweli, anajua. Ila ndiye pia anayegawa mashamba na kupokea ada yake, kwa hiyo asikilizwe kama shahidi, asiachiwe hukumu. Ramani ya nguzo itangulie mkataba wa mtambo, ibandikwe makanisani na sokoni Oicha, Beni na Butembo, wanakoishi waliokimbia, huku fidia ya shamba ambalo mwenyewe hajapatikana ikiwekwa benki. Gharama yake ni ndogo kuliko kuhamisha laini baada ya watu kurudi.