Jamani, Nimevaa Pete Ambayo Bado Haijawa Dhahabu!

Mwenzangu, acha ulichoshika usogee hapa, maana nikikaa na jambo hili peke yangu nitapasuka! Nimetoka sasa hivi kwenye karakana ya sonara, vidole vyangu bado vinanukia nta, na nakwambia wallahi, ni muda mrefu mno sijaona kitu kitamu cha kutazama namna hii. Mashine inachonga pete! Inachonga kwa nta! Pete kamili, yenye nakshi zake, yenye kikalio cha kito, yenye vikucha vyembamba vya kuishikilia tanzanaiti, yote kwa nta ya kijani, nyepesi, nyororo, yenye kung'aa kwa mbali. Halafu unaivaa. Unaivaa kabisa kidoleni, unanyoosha mkono, unaitazama, na hakuna chembe ya dhahabu iliyokwisha kuguswa na moto! Na bado!

Ngoja nikupangie vizuri. Umeshaiona milango ya mninga inayochongwa maua kwa CNC, ile mashine kubwa inayopiga kelele mtaa mzima huku fundi seremala amesimama pembeni na kompyuta yake? Sasa chukua kazi ileile, ipunguze mpaka itoshe juu ya meza, toa ubao, weka nta. Kampuni ya Roland ya Japani imetengeneza mashine za namna hii mahsusi kwa ajili ya masonara, na ukiiona imezimwa utaipita tu, kisanduku kimetulia pembeni. Ila fundi akibonyeza! Loo!

Ndani yake kuna mhimili uliokamata bomba la nta, bomba kwelikweli, lenye tundu katikati tayari kwa ajili ya kidole. Juu inashuka ncha ya chuma, nyembamba, nyembamba, nyembamba, ukipepesa macho umeipoteza. Inazunguka kwa kasi isiyofuatika, inatoa mlio mwembamba wa kubembeleza, wala haikusumbui masikio. Inagusa nta. Na papo hapo chenga za kijani zinaanza kumwagika, laini, nyepesi, zinarundikana chini kama nazi inayokunwa kwenye mbuzi. Bomba linageuka kidogo, ncha inapita. Linageuka tena, inapita tena. Mimi nimeinama pale, pua inakaribia kugusa kioo, siwezi kuondoka, siwezi hata kujibu simu!

Mara ya kwanza inachonga kwa fujo, inapunguza tu nta isiyotakiwa, na kinachobaki kimejaa vingazi vingazi hadi unajiuliza, hii ndiyo pete yenyewe? Tulia. Fundi anabadilisha ncha, anaweka iliyo nyembamba zaidi, na hapo, mwenzangu, hapo ndipo roho inaporuka. Vingazi vinafutika. Ukingo unaanza kuonekana. Kisha kutoka kwenye kile kipande butu kisicho na sura inajitokeza nakshi, na nakshi yenyewe si ya hivihivi. Ni korosho! Korosho zilezile za kanga, zenye mkia uliojikunja, zimejipanga kuizunguka pete nzima, moja inaangalia juu, nyingine inaangalia chini, na ndani ya kila korosho kuna vitone vidogo mno ambavyo nilivihesabu kwa ukucha kwa sababu macho yalishindwa!

Nikauliza, mzee, hii umeitoa wapi? Akaniambia pete ni ya bibi harusi mtarajiwa aliyekuja na kanga ya marehemu bibi yake mkononi na bangili za bibi huyohuyo kwenye kitambaa. Kanga ikachorwa kwenye kompyuta. Bangili ndizo zitakazoyeyushwa. Sasa fikiria uzito wa jambo hilo! Bangili za bibi huyeyushwa mara moja tu. Ukishazitia kwenye moto, umeshazitia. Zamani ungekabidhi, ungeondoka na picha ya pete kichwani mwako, fundi naye angebaki na yake kichwani mwake, halafu baada ya wiki mbili mngekutana kuona picha ya nani ilishinda. Sasa bibi harusi anakuja, anavaa nta, anakunja ngumi, anasema hapa pananichoma, hapa ni pana mno, nataka korosho ziwe ndogo. Fundi anarudi kwenye kompyuta, anarekebisha, bomba jingine la nta linaingia mashinani. Kilichopotea ni nta! Bangili bado ziko kwenye kitambaa!

Na bado, na bado! Mzee akaiweka pete ile kwenye mizani yake ndogo, ile yenye kifuniko cha kuzuia upepo. Gramu 0.4. Yaani hakuna kitu, ukipumua inaruka. Akanambia, mwanangu, kwa dhahabu ya karati 18 zidisha kwa 15 na nusu hivi. Nikazidisha. Gramu 6.2! Ningeitaka ya fedha, akasema, ningezidisha kwa 10 na kidogo. Kumbe dhahabu na fedha zina uzito wake kulinganisha na nta, na masonara wanaujua uwiano huo kwa kichwa. Kwa hiyo kabla tanuri halijawashwa, bibi harusi ameshajua pete yake itameza dhahabu kiasi gani, pamoja na ile kidogo inayoliwa na tupa na ung'arishaji, na kilichobaki kwenye bangili anakidai kwa mdomo mpana. Ndugu zangu mliowahi kupeleka dhahabu ya mama kwa sonara mkakaa nyumbani na wasiwasi, mnanielewa. Mimi hapo nilitaka kupiga vigelegele!

Halafu akanipa niishike. Jamani! Nilitegemea itanata, nilitegemea mshumaa. Hapana! Ni kavu, ngumu, safi, ina ubaridi mtamu kwenye ngozi. Nta hizi za kuchonga ziko za rangi rangi, na katika zile wanazozitumia sana masonara ya kijani ndiyo ngumu kuliko zote, zambarau ni ya kati, buluu ndiyo laini inayopindika. Mashine inaipenda ya kijani, kwa sababu inakatika chengachenga bila kuyeyuka na kuganda kwenye ncha. Ukipitisha kidole juu ya korosho unasikia kila mkunjo. Ukiigonga taratibu mezani inatoa mlio mdogo mkavu. Mzee akasema, inyanyue kwenye mwanga. Nikainyanyua kuelekea dirishani, na, ee Mola, ikawaka! Nta ikiwa nyembamba mwanga unapenya, ikiwa nene inakuwa ya giza, kwa hiyo pete nzima ilikuwa inanionyesha unene wake yenyewe. Upande mmoja chini ya kidole palikuwa na kijani cheupe zaidi. Mzee akauona papo hapo, akakunja uso: hapa patakuwa pembamba. Hakupima na chochote. Mwanga tu na macho yake!

Hapo ndipo nilipompenda mzee yule na mashine yake kwa pamoja, maana kuna watu watakwambia mashine inafukuza mafundi. Wamekosea kabisa. Mashine inaacha vishikizo vidogo vya nta vinavyoiunganisha pete na bomba, navyo hukatwa kwa msumeno mwembamba, kwa mkono, kwa pumzi iliyozuiwa. Ncha inashuka kutoka juu, kwa hiyo mahali palipojificha chini ya kikalio cha kito haifiki hadi fundi aigeuze nta, na pengine haifiki kabisa, akamalizia kwa kisu chake. Kisha akachukua kalamu ya moto, kijiti chenye ncha ya umeme, akaichovya kwenye nta, akadondosha tone pale palipokuwa pembamba. Tone likatandaa, likaganda, likawa sehemu ya pete. Mkono haukutetemeka hata kidogo! Nilizuia pumzi mpaka alipoiweka chini. Kompyuta haijui kufanya hivyo, mwenzangu. Kompyuta inachora mistari iliyonyooka kwa namna inayotisha, vikucha vinne vyenye urefu uleule, korosho ya mwisho inayokutana na ya kwanza bila mwanya, na hayo kwa mkono ni mateso ya siku kadhaa. Kila mmoja ana sifa zake, na pete inazipata zote.

Kikalio cha tanzanaiti nacho! Unajua tanzanaiti yetu, ile iliyogunduliwa mwaka 1967 kule Mererani na ambayo mpaka leo haichimbwi mahali pengine popote duniani, ni nzuri lakini ni ya kudekezwa, haipendi joto la ghafla, haipendi kugongwa. Ukilazimisha kikalio kwa nguvu baada ya dhahabu kuganda, unaweza kulia. Sasa kito kinapimwa kwanza, vipimo vyake vinaingia kwenye mchoro, na kikalio kinachongwa kwenye nta kwa ajili ya kito hichohicho. Mzee akakichukua kwa koleo, akakiweka juu ya nta kunijaribishia. Kikaketi! Buluu ile nzito juu ya kijani kile… siwezi, siwezi kueleza, nenda ukaone.

Wapo wanaochapa modeli za utomvu wa plastiki kwa printa, tabaka juu ya tabaka, nazo zinafika hata kule ncha isikofika. Sawa, nzuri. Lakini nimeshika zote mbili na mimi ni wa nta, sijifichi. Nta nzuri ikichomwa inaondoka yote bila kuacha majivu, wakati baadhi ya utomvu ule huacha mabaki yanayochafua uso wa dhahabu. Isitoshe, utomvu haunukii kitu kizuri!

Safari iliyobaki ni ya moto. Pete ya nta inaungwa kwenye kijiti cha nta, inazamishwa kwenye uji wa plasta ndani ya mkebe wa chuma, plasta inaganda, mkebe unaingia tanurini na kupandishwa joto taratibu hadi kupita nyuzi 700 za Selsiasi. Nta inatoweka. Palipokuwa na pete panabaki uwazi wenye umbo la pete, korosho zote, vitone vyote, na humo inamiminwa dhahabu. Namna hii ya kusubu ina umri wa zaidi ya miaka 5,000! Wasanii wa Benin na Ife waliitumia kutengeneza vichwa vya shaba nyeupe vinavyostaajabisha dunia mpaka leo, masonara wa Asante waliitumia kwa dhahabu yao, na hapa kwenye karakana yenye feni inayolia, kompyuta imeingia mwanzoni tu mwa kazi hiyohiyo na kuinama mbele ya moto uleule. Nilisisimka hadi mikononi.

Ah, na nilitaka kusahau! Mchoro unakuzwa kidogo mno kuliko pete inayotakiwa, kwa sababu dhahabu ikipoa inasinyaa na tupa nayo inataka sehemu yake. Mzee ameshajua kiasi gani. Kila kitu wamekifikiria, kila kitu!

Basi nakuomba, mwenzangu, na naomba kwa dhati. Siku ukienda kuagiza pete, ya uchumba, ya ndoa, au ya kujipongeza mwenyewe, usikabidhi dhahabu kwanza. Muulize sonara wako kama anachonga nta, na nta hiyo utaiona lini. Akikuletea, ivae. Kunja ngumi, shika kikombe, inyanyue kwenye mwanga, itazame ikiwaka, mwambie aipime mbele yako na umsikie akizidisha. Palipokukera paseme hapohapo, kwa sauti, bila haya. Ukiridhika, ndipo ufungue kitambaa umpe bangili.