Kazi Isiyo na Ujira: Kuisoma Kilio cha Haki kutoka Buna

Tamthilia ya Alamin Mazrui, Kilio cha Haki (1981), tumezoea kuifundisha kama kazi ya kitabaka: wafanyakazi wa shamba la Delamon wanamkabili mlowezi, na anayewaongoza ni mwanamke, Lanina. Uhusika wa Lanina husifiwa, na kwa haki. Hata hivyo, tamthilia hii imejengwa juu ya dhana ambayo wahakiki hatujaihoji vya kutosha, nayo ni kwamba kazi ni ile inayolipwa. Lanina anapata sauti kwa kuwa tayari yumo shambani, miongoni mwa vibarua, na mbele yake yupo mwajiri wa kugomewa.

Tuihamishe tamthilia hadi Buna, kaskazini mwa Wajir, katika nchi ya wafugaji. Huko hakuna Delamon. Mwanamke ndiye ajengaye nyumba ya fito na mikeka, huibomoa na kuipakia ngamia wakati wa kuhama. Huteka maji, huchanja kuni, hukama mbuzi. Mumewe akiulizwa kama mke ana kazi, aghalabu atajibu kuwa hana, yupo nyumbani tu. (Jibu hili, tukiri, husikika hata katika nyumba za wahadhiri.) Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 inadai malipo sawa kwa kazi ya thamani sawa, lakini inamlinda mwenye mwajiri.

Hata sokoni mgawanyo huo unadumu. Ngamia na ng'ombe huuzwa na wanaume kupitia madalali, wanaume wenzao. Maziwa ndiyo biashara ya wanawake, na fedha yake ndogo ya kila siku huishia kwenye sukari, majani ya chai na unga. Ukame uliposhika kati ya 2020 na 2023, pato hili lilikuwa la kwanza kukatika, maana mnyama hukauka maziwa kabla hajafa. Mwenye ngamia aliyekonda bado alikuwa na kitu cha kuuza, japo kwa bei ya kutupa.

Je, fasihi ya kazi hii iko wapi? Ipo, ila si katika vitabu tunavyotahini. Wanawake wa Kisomali wana buraanbur, utanzu wao wa ushairi, na wana nyimbo za kusukasuka maziwa na kufuma mikeka. Axmed Cali Abokor, katika utafiti wake wa 1993, alizichukulia nyimbo za kazi za wafugaji kuwa sauti ya wasio na mamlaka. Mwimbaji hukisemesha chombo cha maziwa, na mume aliye karibu husikia. Hapa lawama hupita kando, kinyume na hotuba za Lanina, kwa sababu anayelaumiwa si tajiri wa mbali.

Ndipo umbo la tamthilia ya mgomo linaposhindwa. Lanina akigoma, hasara humfikia Delamon. Mwanamke wa Buna akiweka chombo chini asubuhi moja, wa kwanza kukosa maziwa ni mwanawe.