Chumba Kilichohesabiwa Mara Mbili

Mwaka 1654 Blaise Pascal alimwandikia Pierre de Fermat barua iliyogusia malalamiko ya mcheza kamari mmoja, Antoine Gombaud, ajulikanaye zaidi kama Chevalier de Méré. Ukirusha dadu moja mara nne, anayeweka dau kwamba sita itatokea walau mara moja hushinda zaidi ya anavyoshindwa. Ukirusha dadu mbili pamoja mara 24, anayeweka dau kwamba sita zitatokea zote mbili kwa mpigo hushindwa zaidi. Lakini 4 kwa 6 ni sawasawa na 24 kwa 36! De Méré aliona hesabu inajipinga yenyewe.

Kosa limejificha ndani ya neno dogo "au". Sita itokee mrusho wa kwanza, au wa pili, au wa tatu, au wa nne: mkono unakwenda wenyewe kwenye alama ya kujumlisha, 1/6 mara nne, jibu 2/3. Endelea hivyo hadi mirusho sita, utapata 1, yaani sita ni lazima itoke. Mirusho saba, 7/6. Aliyewahi kucheza ludo akasubiri sita raundi kumi nzima, kete zake zote zikiwa bado nyumbani, anajua hilo haliwezekani.

Chukua dadu mbili, nyekundu na nyeupe, uchore jedwali la vyumba 36. Tia rangi mstari wote ambao nyekundu imeonyesha sita: vyumba 6. Kisha safu yote ambayo nyeupe imeonyesha sita: vyumba 6. Sasa hesabu vyenye rangi kwa kidole. Ni 11, si 12. Kile cha pembeni, sita kwa sita, kimo kwenye mstari na kimo kwenye safu. Kanuni yote ya kujumlisha imo humo: uwezekano wa A au B ni ule wa A, ongeza ule wa B, toa ule wa yote mawili kutokea pamoja. Matukio yasiyoweza kukutana, kama dadu moja kuonyesha mbili na tano katika mrusho mmoja, hayana cha kutoa. Kwa bahati mbaya masomo mengi huanzia hapo, na mwanafunzi anazoea kujumlisha kabla hajaona chumba kinachorudiwa.

Turudi kwenye mirusho minne. Matokeo yote ni 1296. Kila mrusho unaonyesha sita katika matokeo 216. Mara nne, 864. Jozi za mirusho ni sita, na kila jozi ina sita zote mbili katika matokeo 36. Toa 216, zinabaki 648. Hapo ndipo hesabu inaponoga, kwa sababu tumetoa kupita kiasi. Tokeo lenye sita tatu lilihesabiwa mara tatu na likatolewa mara tatu, kwa hiyo limefutika kabisa. Makundi ya mirusho mitatu ni manne, matokeo sita kila moja: rudisha 24, tunafika 672. Limesalia tokeo moja tu, la sita zote nne. Liliingia mara nne, likatoka mara sita, likarudi mara nne, kwa hiyo bado limo mara mbili. Toa 1. Zinabaki 671.

Njia ya mkato inathibitisha: matokeo yasiyo na sita hata moja ni 5×5×5×5, yaani 625, na 1296 kutoa 625 ni 671. Ndizo namba alizoandika Pascal, 671 kwa 625.

Na zile dadu mbili? Mwanzo haukumdanganya de Méré: 24/36 nayo ni 864/1296. Tofauti inaingia kwenye kutoa. Mirusho 24 ina jozi 276, kila moja na uwezekano wa 1/1296 wa kukutanisha sita mbili na sita mbili. Hivyo hatua ya kwanza inaondoa 276, si 216, na marejesho yanayofuata hayatoshi kuziba pengo hilo. Jibu la mwisho ni kama 0.491. Angeongeza mrusho mmoja tu, wa 25, angefika kama 0.506.