Saratani ya Tezi Dume Huitaje Mishipa ya Damu?

Uvimbe wa saratani usio na mishipa yake ya damu haukui zaidi ya milimita moja au mbili. Judah Folkman alitoa hoja hiyo Marekani mwaka 1971, na tangu hapo watafiti wakawa wanatafuta kinachoiita mishipa ichipue. Kwa upande wa tezi dume, kazi ninayoiheshimu kuliko zote ni ile ya Bethany Moore, Robert Strieter na wenzao, ya mwaka 1999.

Walizishuku kemokini, protini ndogo ambazo mwili huzitoa palipo na jeraha au vijidudu ili kuziita chembe nyeupe za damu. Mojawapo, interlukini-8, ilikuwa imeshaonekana mwaka 1992 kwamba huotesha mishipa. Lakini kuikuta tu ndani ya uvimbe hakutoshi. Huenda ipo na haina kazi yoyote pale. Ilibidi izuiwe, kisha ionekane uvimbe utafanyaje.

Wakachukua seli za aina tatu zinazokuzwa maabara: PC-3, ambazo asili yake ni saratani ya tezi dume iliyosambaa hadi mfupani, DU145, za ile iliyofika kwenye ubongo, na LNCaP, za ile iliyofika kwenye tezi ya limfu. Walizipandikiza kwa panya wasio na kinga ya kuzikataa, wakawapa kingamwili za kuizima interlukini-8. Uvimbe wa PC-3 ukadumaa. Hawakuishia hapo. Waliusaga uvimbe wenyewe na kuupima kwenye konea, ile sehemu angavu ya mbele ya jicho. Konea haina mshipa hata mmoja, hivyo uzi mwekundu ukichomoza humo, hakuna wa kubisha kwamba ni mpya. Interlukini-8 ilipozimwa, nguvu ya kuotesha mishipa nayo ikapungua.

DU145 ndizo zilizoipa kazi hii uzito. Kwazo, kuzima interlukini-8 hakukusaidia kitu. Uvimbe ulipungua ilipozimwa kemokini nyingine, GRO-alfa. LNCaP hazikuitegemea hii wala ile. Wangetumia PC-3 peke yake, wangetangaza kanuni ya ugonjwa mzima kutokana na seli za aina moja, kosa ambalo bado nalikuta katika makala nyingi za utafiti.

Hata hivyo, kemokini hizo mbili hupokelewa na kipokezi kimoja, CXCR2, kwenye seli zinazotandika mishipa na kwenye chembe nyeupe. Mwaka 2023, kundi la Johann de Bono mjini London lilichapisha matokeo ya kukiziba kipokezi hicho kwa wanaume ambao saratani yao ilikuwa imeshakuwa sugu, huku wakipewa pia dawa iitwayo enzalutamidi. Kati ya 21 waliotathminiwa, 5 walipata nafuu. Safari hii kilicholengwa hasa hakikuwa mishipa, bali chembe nyeupe ambazo uvimbe huziita zije kuulisha.