Aya ya Maneno Themanini

Kila Jumanne na Alhamisi, saa kumi na moja jioni, mwalimu mmoja wa Kiingereza katika komini ya Mangobo, hapa Kisangani, huandika aya moja kwenye tablo. Haizidi maneno themanini. Wanafunzi wake, ishirini na kitu, wengi wamemaliza sekondari na baadhi yao hushinda wakiendesha toleka, teksi za baiskeli, huinakili katika kaye zao bila kusema neno. Fotokopi hakuna. Mwanzoni nilidhani kunakili huko ni uhaba wa vifaa tu. Nimekaa benchi la nyuma miezi kadhaa sasa, na nimebadili mawazo: mkono unaonakili polepole hulazimika kupita juu ya kila herufi, hata zile ambazo jicho lenye haraka lingeziruka.

Aya hizo mwalimu huzitunga mwenyewe. Wengi wetu tulijifunza Kiingereza kupitia theluji na treni za London, vitu ambavyo hatukuwahi kuvigusa, na tukakariri kanuni bila kujua zina kazi gani. Yeye huanza na jambo. Husikiliza redio, huuliza watu wa Chuo Kikuu, husoma chochote kinachomfikia, kisha hukaa na habari moja siku kadhaa mpaka aone ni kanuni gani ya sarufi imelala ndani yake. Aya lazima iwe ya kweli. Lazima itoshe tablo nzima bila kufuta. Kanuni inayofundishwa lazima ijirudie mara tano au sita, na msomaji asishtuke. Aliwahi kunionyesha kaye yake ya matayarisho: aya moja ilikuwa imeandikwa mara tisa, na mistari iliyokatwa ilikuwa mingi kuliko iliyobaki.

Siku yangu ya kwanza nilikuta aya ya Wagenia, wale wavuvi wa maporomoko tuliowaona tangu utotoni wakisimika magogo kwenye mashimo ya miamba, wakiyafunga kwa kamba za mwituni na kushusha vikapu vyenye umbo la pia, mdomo ukielekea maji yanayokuja kwa nguvu. "The current pushes the fish. The basket holds it. The fisherman climbs down and lifts the basket." Somo lilikuwa ile "s" ya mwisho wa kitenzi. Ni herufi moja tu, nayo huwashinda hata watu waliosoma miaka sita. Kiswahili humtanguliza mtenda: *a*napanda, *ki*nashika, *ya*nasukuma, na ukikosea kiambishi hata mtoto atakusahihisha. Kiingereza huacha alama ndogo mkiani, na mkia ndio unaosahaulika. Kifaransa cha shuleni nacho hakisaidii, kwa kuwa miisho yake mingi huandikwa lakini haisikiki. Basi mwanafunzi akiiacha "s", darasa zima hutoa mlio wa maji yanayopita kwenye mwamba, ssss, taratibu, bila kumcheka mtu. Anarudia sentensi, maji yananyamaza.

Lakini aya iliyonifanya nirudi kila wiki ni ile ya lesula.

Lesula ni kima wa msitu wa Lomami, upande wa kusini wa mkoa wetu wa Tshopo. Uso wake mrefu hauna manyoya, macho ni makubwa, na anamtazama mtu kama mzee anayesubiri jibu. Mwaka 2007 watafiti walimwona jike mchanga akifugwa katika mji wa Opala, nyumbani kwa mkuu wa shule ya msingi. Mwaka 2012 walichapisha maelezo yake na kumpa jina la kisayansi, Cercopithecus lomamiensis. Mwaka 2016 msitu wake ukawa Hifadhi ya Taifa ya Lomami. Ni habari tamu, na kwa mwalimu anayetaka kufundisha kauli ya kutendwa ilikuwa kama imeandaliwa. Akaandika: "The lesula was discovered in 2007."

Kijana mmoja wa toleka, mzaliwa wa Opala, akainua mkono. "Prof, discovered by who?"

Mwalimu angeweza kumsahihisha tu, amwambie kitabuni ni "by whom", na somo liendelee. Alisimama na chaki mkononi. Kijana akaendelea kwa Kiswahili: kwao kila mtu anamjua mnyama huyo, wawindaji wanamjua, mama wanamjua, na hilo jina lesula wameliokota wapi kama si midomoni mwao? Darasa likacheka kwa furaha. Mwalimu akachukua kitambaa akafuta sentensi yote, si neno moja tu, akasema wataendelea Alhamisi.

Alhamisi tablo ilisomeka hivi: "The people of the forest had long known the lesula. In 2007 a young one was seen in Opala by researchers. In 2012 the lesula was given a scientific name." Sentensi tatu, na kila moja imeweka jambo mahali pake. Wa kwanza kujua wametangulia, na kitenzi chao kimerudi nyuma zaidi ya wakati uliopita. Watafiti wamekuja baada yao, na wametajwa. Jina la kisayansi limekuja mwisho. Siku hiyo ndipo nilipoelewa kazi ya "had". Nilikuwa nimefundishwa neno hilo kama adhabu, kumbe ni njia ya kusema nani alitangulia.

Kauli ya kutendwa nayo ikaacha kuwa mchezo wa kugeuza sentensi juu chini. Kiswahili, sawa na Kiingereza, kinaruhusu kumficha mtenda: mti umekatwa, dhahabu imechimbwa, mto umechafuliwa. Na nani? Tangu lesula, wanafunzi hawa hawaachi kitenzi cha kutendwa kipite bila kuuliza. Wamelipeleka swali hilo hadi kwenye taarifa za redio. Sijui somo la sarufi linaweza kutaka mafanikio gani zaidi ya hayo.

Kosa linalomsumbua mwalimu zaidi ni "I live here since ten years." Linatoka moja kwa moja katika Kifaransa, na hapa Kisangani, mtu anapoongea Lingala na Kiswahili sokoni na Kifaransa darasani, Kiingereza huja cha nne na hukalia kiti alichokikuta. Yeye hapigani na Kifaransa. Huenda kuomba msaada kwa Kiswahili, ambacho wanafunzi wengi wanakidharau kana kwamba hakina sarufi. Kwa ajili hiyo alitunga aya ya Yangambi.

Yangambi iko ukingoni mwa mto, kilomita zipatazo mia moja chini yetu. Mwaka 1933 Wabelgiji walianzisha taasisi ya utafiti wa kilimo ambayo makao yake makubwa yalikuwa huko. Kati ya 1937 na 1958 watu walitembea msituni wakiandika kwa mkono ni mti gani umetoa maua, upi umepukutisha majani, upi umezaa. Kazi ile ilikwisha. Leo kuna mnara wa mita 55 unaopita juu ya vilele vya miti, unaopima hewa ya kaboni inayoingia na kutoka msituni tangu 2020. Kwenye tablo: "From 1937 to 1958 they recorded the trees. Since 2020 the tower has measured the air." Chini ya kila sentensi aliandika kitenzi chake cha Kiswahili: *waliandika*, *umekuwa ukipima*. Akachora mstari kati ya -li- na -me-. Kazi iliyofungwa, kazi iliyo wazi. Msichana mmoja aliyekuwa akihangaika na jambo hilo tangu Januari aliweka biki chini na kusema, "Kumbe tunayo." Mwalimu akaitikia: "Tunayo."

Ya tausi wa Kongo nitaipitia haraka, ingawa inastahili makala yake. Mwaka 1913, msituni Ituri, Mmarekani James Chapin aliona katika kofia ya mwenyeji unyoya ambao hakuweza kuutambua. Akauhifadhi. Mwaka 1936, katika jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji, alikutana na ndege wawili waliokaushwa ambao kibandiko chao kiliwaita tausi wa India, na unyoya ukapata mwenyewe. "When he saw the birds, he had kept the feather for twenty-three years." Alikuwa ameuhifadhi. Tena Kiswahili kinatoa mkono: *alikuwa ame-*, vitenzi viwili vinavyoshikana.

Habari hiyo hiyo ndiyo aliyoitumia kufundishia -ngeli-, sharti la jambo ambalo haliwezi tena kubadilika. "If Chapin had thrown the feather away, he would not have recognised the bird." Angeliutupa unyoya, asingelimtambua ndege. Nilimuuliza kwa nini alirudia ndege wakati ana kawaida ya kuleta jambo jipya kwa kila kanuni. Alijibu kwamba alitafuta majuma mawili. Katika mji huu, alisema, ukimwambia mtu mzima atunge sentensi kuhusu jambo ambalo lisingetokea, unajua ataenda wapi. Juni 2000, kwa siku sita, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana katikati ya nyumba zetu. Hakutaka kuiweka vita kwenye tablo kama mfano wa kanuni. Alitaka unyoya, kitu chepesi, na mlango uwe wazi kwa atakayetaka kupita.

Kisha aliwapa kila mmoja atunge sentensi yake. Walisoma kwa zamu. Mmoja angelikula lituma kama mama angelibakiza. Mwingine angeliwahi darasani kama mnyororo wa toleka usingelikatika. Zamu ilipofika kwa kijana wa safu ya pili, ambaye alizaliwa baada ya vita, alisoma bila kuinua macho: "If they had not fought here in 2000, I would have known my grandfather."

Mwalimu alimwomba asome tena. Alisoma. Vitenzi vyote vilikuwa mahali pake. Alimwendea, akaweka alama ya vyema kwenye kaye, akabaki ameinama juu ya benchi. Kisha akamuuliza, kwa Kiswahili, babu alikuwa akiishi komini gani.

"Tshopo," kijana akasema. "Karibu na daraja."

Tablo haikufutwa jioni ile. Tulikaa mpaka giza likaingia, kijana akitusimulia aliyoyasikia kwa bibi yake kuhusu mtu ambaye hakuwahi kumwona.