Wati 5000, na hakuna aliyesikia: somo la Konono N°1 kwa sono zetu za Likasi



Siku ya mwisho ya kilio cha bibi yetu, pale Kikula, kijana wa sono alishusha mabafle manne, akafunga nyaya, akaniambia: “Yaya, usiogope. Hii ampli iko na wati 5000. Batatusikia mpaka Panda.”

Sisi tuliokuwa palepale uani hatukusikia. Mdogo wake bibi, mzee aliyebaki peke yake katika kizazi kile, alishika mikro atueleze dada yake alizaliwa wapi, alifikaje Likasi, nani alimlea. Kilichotoka ni kishindo na mkwaruzo. Watoto wa mbele waliziba masikio. Wazee wa nyuma waliulizana, “Anasema nini?” Kijana akaongeza sauti, mkwaruzo nao ukaongezeka. Leo yule mzee naye amekwenda, na habari ile hakuna wa kuirudia.

Juma lile nilisikiliza tena albamu ya Congotronics, ya kundi la Konono N°1 la Kinshasa, iliyotolewa na Crammed Discs ya Brussels mwaka 2004. Niliirudia kwa sababu nayo imejaa mkwaruzo, pengine kuliko kilio chetu, lakini hainichoshi. Nikajiuliza: mbona huu ni muziki, na ule wetu ulikuwa fujo?

Wengi wanajua habari ya Mawangu Mingiedi, mwanzilishi wa kundi. Likembe ni chombo cha sauti ndogo: vijiti vya chuma juu ya kasanduku ka mbao. Ukikipiga barabarani Kinshasa, kati ya magari na kelele za watu, kinamezwa. Mingiedi akatengeneza mikro zake kwa sumaku za vyuma vya magari makuukuu, akazitia kwenye likembe. Sauti nyingine wakaipitisha kwenye zile tarumbeta za kutangazia, zinazoitwa kwa Kifaransa lance-voix, yaani kirusha-sauti.

Wasifu wengi wa Ulaya waliandika kama vile huo ni umaskini uliogeuka sanaa kwa bahati. Mimi napingana nao. Kuchagua tarumbeta ni hesabu nzuri, hata kama aliyechagua hakuiandika ubaoni.

Hesabu yenyewe ni hii. Wati inapima umeme ambao ampli inaweza kutoa. Haipimi sauti. Bafle ya kawaida inageuza karibu asilimia 1 tu ya umeme kuwa sauti. Kilichobaki kinakuwa joto kwenye waya uliozungushwa ndani yake. Njo maana swali la kwanza ni hili: ukiipa bafle wati 1, ukasimama meta 1 mbele yake, inatoa desibeli ngapi? Bafle ya nyumbani inaweza kutoa 90. Tarumbeta nzuri inaweza kutoa 106. Mdomo wake unaopanuka polepole unasaidia ngozi ndogo ya ndani kuisukuma hewa, halafu unaielekeza sauti upande mmoja badala ya kuitawanya. Hata mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya mto anakunja viganja mbele ya mdomo.

Sasa tazameni. Ukizidisha wati mara mbili, unapata desibeli 3 tu, nyongeza ambayo sikio linaiona ndogo. Ili sikio liseme “sauti imekuwa mara mbili”, unahitaji karibu desibeli 10, yaani wati mara kumi. Basi bafle ya 90 ukiipa wati 1000, inafika 120. Tarumbeta ya 106 inafika palepale kwa wati 25. Na bafle ile, kabla haijafika, waya wake umekwisha kupata moto na kuanza kukataa umeme.

Tena, wati 5000 zile zingetoka wapi? Siku hiyo tulikuwa na kagrupe kadogo nyuma ya ukuta, kasikofika wati 1000. Mtungi wa lita moja haumimini lita tano, hata ukiandika nini juu yake. Ampli ikidaiwa kisichokuwamo, inakata vilele vya mawimbi ya sauti. Huko kukatwa njo mkwaruzo tuliousikia.

Lakini Konono nao wanakata vilele! Ndiyo. Ila sikilizeni wanachokipitisha mle. Noti ya likembe ni fupi: inagonga, inakwisha, inaacha nafasi. Kifungu kinarudi, kinarudi tena, dakika baada ya dakika. Waimbaji wanaita kwa sauti ya juu, wengine wanaitikia. Tarumbeta haiwezi besi nzito, na wao hawaiombi besi. Wanaipa kile inachokiweza, sauti za kati na za juu. Mkwaruzo ukila noti moja, noti hiyo inarudi baada ya sekunde chache. Mimi maneno yao siyashiki yote, na sipotezi ngoma.

Maneno ya kilio yanasemwa mara moja. Jina la kijiji, jina la mama aliyelea, mwaka wa kufika: likiliwa moja, limekwenda. Mkwaruzo unaoinua likembe unamzika mzee. Njo kosa langu kwa sono zetu: tunatumia chombo kimoja, kwa besi ileile na sauti ileile ya juu, kwa ndombolo, kwa mahubiri na kwa kilio.

Na mji huu ulipaswa kujua. Mwaka 1952, ukiitwa bado Jadotville, Hugh Tracey alimrekodi hapa Mwenda Jean Bosco. Kijana mmoja, gitaa moja, bila ampli. Gitaa lile lisingefika mwisho wa barabara, lakini kila uzi ulisikika, kwa kuwa mikro ilikuwa karibu na watu walinyamaza. Sauti ya Likasi iliyokwenda mbali kuliko zote ilianza ikiwa ndogo.

Sisemi wati ni bure. Besi ya kuchezesha ukumbi inataka kusukuma hewa nyingi, na hapo bafle kubwa na ampli yenye nguvu ya kweli zina kazi. Na Congotronics pia ina mpaka wake: ukiisikiliza kwenye telefone unapata ule ukali bila ukubwa, na nyimbo ndefu zinaweza kukuchosha mahali ambapo barabarani zingekuchezesha.

Ila siku ya kilio, bandugu, tusiulize “iko na wati ngapi?” Tuombe tarumbeta mbili ndogo badala ya mabafle manne, moja mbele na moja katikati ya uwanja, maana mahali pa wazi kila umbali unapoongezeka mara mbili, sauti inapungua desibeli 6. Zipandishwe juu ya vichwa. Besi ishushwe. Mikro iwe karibu na mdomo, na ampli ibaki chini ya nguvu zake.

Halafu mmoja wetu aende mpaka mstari wa nyuma kabisa, amuulize mama aliyekaa pale: “Mama, unasikia maneno?” Asipoitika vizuri, mzee asianze kwanza.