Sungura na jamaa yake: sababu gani watoto wanampenda?

Je, yafaa katekista awasomee watoto vitabu vya Sungura? Sungura ni mwongo, ni mwizi, na karibu kila mara anashinda. Swali hili si la kuchezea, maana asubuhi tunawafundisha amri ya nane, na jioni watoto walewale wanamshangilia Sungura.

Jamaa yake tunaijua wote: Fisi mlafi, Simba mwenye nguvu, Chui, Kobe asiyeharakisha. Kwa jirani zetu wa Rwanda na Burundi anaitwa Bakame. Yule wa Unguja aliingia katika kitabu cha Bateman, Zanzibar Tales, kilichopigwa chapa Chicago mwaka 1901. Katika Senegal jina lake ni Leuk. Watumwa walivuka bahari pamoja naye, hata katika Louisiana Fisi aliendelea kuitwa Bouki, jina lake la Kiwolof, ingawa huko hakuna fisi hata mmoja!

Juu ya Leuk, Senghor na Abdoulaye Sadji walitunga mwaka 1953 kitabu cha kusomea shuleni, La Belle Histoire de Leuk-le-Lièvre. Ni kitabu kizuri. Wanyama wanamtafuta aliye mdogo kupita wote, na Leuk anawaambia kwamba yeye hajazaliwa bado, atazaliwa sasa hivi mbele ya macho yao. Mtoto gani hatacheka? Lakini kitabu cha shule kina haraka ya kufundisha, na pengine mwalimu anasikika kuliko Sungura.

Wengi husema kwamba watoto wanampenda kwa sababu ya akili zake. Mimi sikubali. Angalieni kisa kile kinachosimuliwa pande nyingi za Afrika ya Mashariki. Njaa imeingia, na Sungura na Fisi wanapatana kuua mama zao. Fisi anamuua wa kwake kweli. Sungura anamficha mama yake pangoni, na kila siku anakwenda kula kwake kwa siri, huku Fisi anakonda na kushangaa. Katika kisa hiki mwongo ni nani? Sungura. Na aliyeshika neno lake ni Fisi. Herode naye alishika kiapo chake, na kichwa cha Yoane Mbatizaji kikaletwa juu ya sahani. Watoto wanaona jambo hili mbele yetu sisi tuliosoma teolojia: hawaupendi uongo, wanampenda yule ambaye bado ana mama. Na katika uwanda wa Ruzizi, kutoka Lubarika mpaka Uvira, ambapo vita vya 1964 na vya 1996 vilipita, kumficha mama si jambo la hadithi tu.

Kwa hiyo siwapendi watungaji wanaobandika onyo mwishoni mwa kila kisa. Onyo lile linamgeuza Sungura kuwa mtoto mtukutu tu, na pango linasahauliwa.

Hata hivi si kila kisa kina pango. Katika kitabu cha Bateman, Sungura anamwalika Buku, yule panya mkubwa, waende kula asali aliyoachiwa na marehemu baba yake. Kumbe asali ni ya Simba. Simba anapofika chini ya mti, Sungura anaomba afungwe katika majani makavu na kutupwa chini, kisha anakimbia. Buku anabaki juu. Hapa hakuna mama wa kuokoa, hakuna njaa, kuna tumbo tu, na rafiki aliyeachwa mikononi mwa Simba. Wafratri wengine wangependa kukiruka kisa hiki. Mimi ningekisoma chote, taratibu, bila kueleza kitu, mpaka mtoto mmoja aulize kama Buku naye alikuwa na mama. Kitabu hakisemi.